Muhuri Juu ya Plasta

Wenzangu wa chumba cha plasta, siku ile mliyoniaga kwa soda na biskuti mliniomba niwaandikie mambo machache ya kazi kabla sijayasahau. Nina wiki tatu nyumbani sasa, sina la kufanya ila kumsumbua mke wangu jikoni, na juzi yeye mwenyewe ndiye aliyenitia daftari mkononi na kuniomba nikae barazani. Basi naandika. Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala na nani, kwa sababu mambo hayo hayajawahi kumuunga mtu mfupa. Nitaanzia nilipoanzia, na nitaishia kwa Kadzo, ambaye hamkuwahi kumsikia kwa kuwa sikuwahi kumtaja. Mlikuwa mkinicheka kwa siri kila nilipowagombeza juu ya vidole vya wagonjwa. Nilikuwa nikijigombeza mwenyewe.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika hospitali moja ya pwani yetu ambayo sitaitaja jina, maana walioko huko leo hawana kosa. Aliyenipokea ni Mzee Mbwana, mtu wa Mambrui, mfunga plasta wa zamani, mkavu wa maneno, na koti lake jeupe lilikuwa limekauka unga hadi likasimama lenyewe. Siku ya kwanza hakunifundisha chochote. Alinikalisha kwenye kiti, akanifunga plasta mkono wa kushoto, mkono mzima usio na hitilafu, kutoka mafundoni mwa vidole hadi chini ya kiwiko, akaniambia niende nao nyumbani nirudi kesho. Mama yangu aliponiona alilia, akidhani kazi yenyewe imeshanivunja. Plasta ilinipasha moto ilipokuwa ikiganda, kisha ikaniwasha, kisha ikaanza kunielemea. Asubuhi Mzee Mbwana aliikata na kuniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia inawasha. Akauliza, na nini tena? Nikafikiri, nikamwambia mkono ulitaka nafasi haukuipata. Akasema hapo sasa tunaweza kuanza kazi.

Vyombo vyetu mngevicheka. Tulikuwa na ndoo mbili za bati, mikasi mikubwa iliyokuwa butu tangu kabla sijazaliwa, msumeno wa mkono, na madebe ya biskuti yaliyojaa bandeji. Bandeji hizo tulizitengeneza wenyewe: tunatandika shashi juu ya meza, tunaisugua unga wa plasta kwa kiganja, tunaikunja, tunaitia debeni na kuziba kifuniko ili hewa ya bahari isiingie. Ikiingia, unga hugandia humo humo, na siku ukiuhitaji unatoa jiwe. Maji nayo yalikuwa ya kisima, yana chumvi, na plasta ikionja chumvi huganda upesi kuliko ulivyojipanga. Kwa hiyo Mzee Mbwana aliweka mtungi wake wa maji ya mvua pembeni, na aliyethubutu kunawia mikono maji yale alikuwa na kesi ya kujibu.

Waliovunjika mikono walitufikia wamefungwa kwa kila kitu: vijiti, njiti za makuti, gazeti lililokunjwa, hata mguu wa kiti. Mzee Mbwana hakudharau kifungo chochote. Yeye aliangalia mambo machache tu. Je, mkono umeachwa kama ulivyo, au kuna shujaa aliyejaribu kuunyoosha? Kuna kitu laini kati ya kijiti na ngozi? Umepumzishwa kifuani kwa leso, vidole vikiangalia juu kidogo, ili damu isishuke na kuvimbisha? Pete na bangili zimevuliwa mapema? Kidonda kikiwa wazi, kimefunikwa kwa kitambaa safi au kimejazwa majivu? Kilichomuudhi kupita yote ni kuchua. Sisi watu wa pwani tunaamini hakuna maumivu yasiyosikia mafuta ya nazi, na nimewahi kuona mkono uliovunjika mara mbili umechuliwa hadi unang'aa, mwenyewe amezimia. Pete tulizitoa kwa sabuni na uzi. Kuna bwana mmoja alikataa pete yake kukatwa kwa kumhofia mkewe, na Mzee Mbwana akazungusha uzi kwenye kidole kilichovimba kwa nusu saa nzima mpaka pete ikapita. Bwana yule aliokoka mara mbili siku hiyo.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa moja, na alilirudia mpaka nikalichoka. Mkono uliovunjika leo haufungwi plasta nzima leo. Unawekwa bamba la plasta upande mmoja, unafungwa bandeji laini juu yake, unaachiwa nafasi ya kuvimba, na kesho yake unautazama. Ukilazimika kuuzungushia plasta nzima, basi siku hiyo hiyo unaipasua kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na pamba iliyo chini yake, usibakishe hata uzi. Ngozi inatanuka, plasta haitanuki. Halafu unaviuliza vidole: rangi yake, joto lake, vinahisi, vinacheza? Ukibonyeza ukucha ukawa mweupe, wekundu unarudi? Maumivu yakizidi baada ya kufungwa badala ya kupungua, wewe kata, maswali baadaye. Nililijua somo hili kama ninavyoijua Alhamdu. Nalisema hivi mapema ili mtu asije akanitafutia udhuru.

Mzee Mbwana alistaafu, chumba kikabaki kwangu, na hapo ndipo nilipoanza kujiona. Tatizo lililokuwa likinikera ni moja. Bamba la plasta na bandeji yake ni rahisi kufungua. Mgonjwa anakwenda nyumbani, jirani anamwambia hospitali hawajui mifupa, bandeji inafunguliwa, mkono unapelekwa kwa mganga wa mifupa, unavutwa na kufungwa vijiti upya. Msimu mmoja walinirudia watatu wa namna hiyo. Mmoja alikuwa seremala wa Muyeye. Kifundo cha mkono wake kilikuwa kimeungana kikiwa kimepinda, hawezi tena kushika randa. Mwingine alikuwa mpishi wa hoteli ya Kikambala, na vidole vyake viwili vilikuwa vimekufa kwa kukazwa vijiti. Nilikasirika. Nasema kweli, nilikasirika kwa ajili yao, lakini pia nilikasirika kwa ajili ya kazi yangu iliyofunguliwa.

Ndipo nikabuni dawa yangu. Nikaanza kufunga plasta nzima siku ya kwanza, bila kuipasua, kwa sababu plasta nzima haifunguliwi kwa vidole. Kisha nikaazima muhuri wa hospitali kwa karani wa masijala, ule wa mpira wenye wino wa zambarau, na plasta ilipokuwa ikikauka nikaugonga juu yake. Nilimwambia kila mgonjwa na jamaa zake maneno yale yale: huu ni muhuri wa serikali, atakayeukata atajibu. Hakuna sheria kama hiyo, wala haijawahi kuwako. Lakini watu wetu wa bara ya Kilifi walikuwa wameuona muhuri kwa chifu, polisini na kortini, na hakuna hata siku moja uliyowaletea mchezo. Ilifanya kazi mno. Plasta zikaanza kurudi zikiwa nzima baada ya wiki sita, nyeupe, na muhuri wangu katikati. Daktari wetu alinisifu mbele ya wauguzi, nami nikatembea siku mbili kifua mbele.

Kadzo aliletwa wakati wa masika. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka kijiji kimoja kupita Vitengeni, mkulima, mama wa watoto wanne. Alikuwa ameteleza kwenye tope akitoka kuteka maji, akaangukia mkono wa kulia. Mumewe, Karisa, alimleta asubuhi ya pili kwa lori la mkaa. Nakumbuka jinsi mkono ulivyofungwa: vijiti vinne vilivyolainishwa, vimezungushiwa kitambaa cha pamba, havikukazwa, bangili zimevuliwa na kutiwa kwenye fundo la leso, na mkono umening'inizwa kifuani vidole vikiwa juu. Sikuwahi kuona huduma ya kwanza iliyonyooka hivyo kutoka kijijini. Nikauliza nani aliyefunga. Karisa akasema ni Hawe Sidi, bibi mmoja wa kwao aungaye mifupa, naye ndiye aliyewaambia mifupa yote miwili imevunjika, hiyo ni kazi ya hospitali. Niliposikia ni mganga wa mifupa nikavikata vijiti vile na kuvitupa pipani bila kuvitazama mara ya pili.

Picha ya eksirei ilionyesha alivyosema bibi. Daktari alimpiga sindano, tukavuta mifupa ikakaa, nikafunga plasta nzima kutoka mafundoni hadi juu ya kiwiko. Mkono ulikuwa umeshavimba. Nilipobonyeza kucha, wekundu ulirudi, nikaridhika. Ilipasa alale wodini, mkono umeinuliwa, atazamwe kesho. Lakini mvua ilikuwa inanyesha, vitanda vilikuwa vya watu wawili wawili, na Karisa alihofia barabara itakatika wakiwa huku na watoto wako kule. Nikawaambia warudi baada ya wiki. Nikagonga muhuri, nikasema maneno yangu. Karisa aliyarudia neno kwa neno ili asiyasahau. Kadzo aliuliza kama ni kawaida plasta kubana, nami nikamjibu kwamba plasta isiyobana haifai. Wakapanda lori lile lile.

Walirudi siku ya sita. Niliwaona kutoka dirishani, Kadzo amebebwa kwenye machela ya magunia, na kabla hawajafika mlangoni harufu ilikuwa imeshaingia. Mkono haukuwa na plasta. Kutoka juu kidogo ya kifundo hadi ncha za vidole ulikuwa mweusi, umekauka, na kucha zilikuwa na rangi ya majivu. Nilibonyeza ukucha wa kidole cha kati. Sijui kwa nini niliubonyeza, kwa maana nilikuwa nimeshaona.

Karisa alinieleza yote pale pale mlangoni, kwa utaratibu, kama mtu aliyeitwa shahidi. Jioni ya siku ile ile waliyofika nyumbani Kadzo alianza kulia kwa maumivu. Asubuhi vidole vilikuwa vimevimba na vya baridi. Hawe Sidi aliitwa, akavitazama, akasema plasta ikatwe sasa hivi. Karisa akakataa, akasema ina muhuri wa serikali. Wakabishana mpaka adhuhuri. Kisha Karisa akafunga safari kwa miguu hadi kwa naibu wa chifu kuomba ruhusa, na naibu wa chifu, aliposikia habari ya muhuri, akasema yeye hana mamlaka ya kuvunja muhuri wa ofisi nyingine, waurudishe mkono ulikotoka. Barabara ilikuwa imekatika, maji yamefurika darajani. Siku ya tatu Kadzo akanyamaza. Alisema maumivu yamekwisha, hasikii kitu. Watu wa nyumbani walimshukuru Mungu, na mama mkwe wake akapika wali.

Hawe Sidi hakula wali ule. Alikuja na kisu, akamwambia Karisa kama ni kufungwa atafungwa yeye, amekula chumvi ya kutosha, akailowesha plasta kwa maji ya moto na kuipasua. Walipouona mkono wakaelewa.

Karisa alipomaliza alitoa kifurushi cha leso, akakifungua juu ya meza yangu. Ndani kulikuwa na kipande cha plasta, kikubwa cha kiganja, kimekatwa kwa uangalifu pande zote.

"Tusamehe, daktari," akasema. "Tumekata pembeni. Muhuri wenyewe hatukuugusa."

Mimi si daktari. Nilikifunga kile kifurushi.

Mkono ulikatwa siku ile ile, chini kidogo ya kiwiko. Kabla ya hapo karani alileta karatasi ya idhini ili Kadzo atie dole gumba, na kwa mazoea akauendea mkono wa kulia, akaushtukia, akazunguka kitanda kwenda upande wa pili. Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Daktari aliuliza nani aliyekata plasta, akaambiwa ni mganga wa kijijini, akatikisa kichwa na kuandika kwenye faili kwamba mkono uliharibiwa na mganga wa mifupa baada ya plasta ya hospitali kuondolewa. Alinitazama kama mtu anayenionea huruma, kwamba kazi yangu nzuri imeharibiwa tena. Nilijua mkono hufa ukiwa ndani ya plasta, hauwi mweusi kwa kufunguliwa. Sikusema kitu. Nilikuwa na mke mja mzito na sababu nyingine nyingi, na zote mnaweza kuzikisia, nazo hazina maana.

Faili ile haikukaa kabatini tu. Habari ilirudi Vitengeni kwa njia zake, na naibu wa chifu, ambaye sasa alikuwa na mtu wa kumlaumu asiye yeye, akamwita Hawe Sidi barazani, akampiga marufuku kumgusa mtu, na vijiti vyake vikachomwa moto mbele ya watu. Haya aliniambia bibi mwenyewe. Alikuja chumba cha plasta kiasi cha mwezi mmoja baadaye, asubuhi, akasubiri kwenye foleni na wagonjwa hadi zamu yake ikafika. Nilitarajia bibi mkongwe wa makelele. Alikuwa mwembamba, amejitanda leso mbili safi, na mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko yangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kiti nilichokalishwa mimi siku yangu ya kwanza.

"Mwanangu," akasema, "nimefunga mikono mingi. Mingine niliiharibu, na nilipoiharibu nilisema ni mimi. Huu wa Kadzo si wangu."

Nikamwambia najua.

"Basi kaseme," akasema. Akainuka, akaenda zake. Hakunilaani wala hakuniomba.

Nilikaa na neno hilo siku nne. Ya tano nikaingia kwa daktari, nikamweleza kila kitu, kuanzia plasta nzima hadi muhuri. Akaniuliza kama namjua mtu mwingine niliyemfungia hivyo na bado yuko nje na plasta, nikamtajia watatu, na siku ile ile tukatuma gari kuwakusanya. Wote vidole vyao vilikuwa salama, na plasta zao tukazipasua. Muhuri ukarudi masijala. Nilipata barua ya onyo, na niliistahili nzito kuliko ilivyokuwa. Lakini kusahihisha faili kulikuwa rahisi. Nilijua haitoshi, kwa sababu waliochoma vijiti hawakuisoma faili.

Nikaomba ruhusa ya siku moja, nikapanda lori hadi Vitengeni, na kutoka hapo nikatembea. Karisa alinipokea vizuri mno. Aliita naibu wa chifu, majirani, na Hawe Sidi, wakidhani nimeleta habari ya mkono wa bandia. Kadzo alikuwa ameketi mlangoni pa jiko akipukuchua mahindi, gunzi limebanwa katikati ya magoti. Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima, yenye maneno mengi ya kitaalamu, na nilipofungua mdomo ikawa fupi. Nilisema plasta niliifunga vibaya, kwamba muhuri haukuwa na nguvu yoyote ya sheria, kwamba niliutia kwa ubishi wangu, na kwamba Hawe Sidi alikuwa amesema kweli tangu asubuhi ile ya kwanza.

Hakuna aliyenitukana. Naibu wa chifu alitazama chini. Karisa akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza njia.

"Tungeikata asubuhi ile, mkono ungekuwako?"

Mngekuwa nyinyi mngejibu vipi? Kuna majibu laini ya hospitali, mnayajua: pengine, haijulikani, ni mapenzi ya Mungu. Nilimwona Hawe Sidi ananitazama.

"Ungekuwako," nikasema.

Karisa akaitikia kwa kichwa, mara moja, akainuka akaenda nyuma ya nyumba. Alikaa huko. Tulimsikia anakata kuni ambazo hazikuwa zinahitajika. Majirani wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wananiaga kwa adabu, na nikabaki juu ya kigoda sijui niende au nikae, kwa maana safari ilikuwa ndefu, jua kali, na koo langu lilikuwa kavu kabisa.

Kadzo aliliona hilo. Aliweka gunzi chini, akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha maji. Alikishika kwa mkono uliobaki, na kile kigutu, ambacho ngozi yake ilikuwa bado nyekundu, akakiegemeza chini ya kikombe, kama anavyofanya mtu wa adabu anayetaka kumpa mgeni kwa mikono yote miwili. Akapiga goti mbele yangu. Hakuniangalia usoni.

"Niwie radhi, daktari," akasema. "Nakupa kwa mkono wa kushoto."